Utepe wa Kumi na Mbili

Machi 4
Nimeligeuza hili daftari la vipimo, naandikia nyuma. Mbele kuna viuno na mabega ya watu, huku nyuma nitaweka maneno yangu mwenyewe. Mvua ikinyesha namna hii hakuna anayekuja kupimwa nguo, na mimi mikono yangu ikikaa bure kichwa kinanitafuna.

Mume wangu katoka asubuhi kwenda kituo cha maji, chini ya daraja, kuzibembeleza zile pampu zake kuukuu. Mdogo wangu kapita mchana kula, kama kawaida. Yeye ni msoma mita za maji. Anazunguka mji mzima na kitabu kwapani na chaki mfukoni. Mita akiisoma, anachora duara getini. Akikuta nyumba imefungwa, anachora msalaba, ili kesho akumbuke kurudi. Watoto wanamwita Bwana Mita, wanamfuata nyuma wakiigiza anavyoinama. Anaingia kwangu, anafuta viatu, anasema, "Dada, kuna nini leo?" Nami nampakulia. Mama alituacha yeye akiwa na miaka sita na mimi kumi na tisa. Sikujaliwa mtoto wa tumbo langu, huyu ndiye niliyemlea.

Machi 5
Mvua.

Machi 7
Mvua. Mume wangu anasema ile nguzo ya kipimo pale darajani, yenye mistari myeupe, maji yamefika mstari wa saba. Wa kumi ndio usawa wa tuta linaloukinga mji na mto. Nimemwambia asinieleze mambo kama hayo wakati nimeshika mkasi.

Machi 9
Tuta limeanza kuvuja upande wa kusini. Mwenyekiti wa mji kapita na mwavuli uliopinduka, kalowa chapachapa, anataka wanaume kumi na wawili wa kulinda tuta kwa zamu, na anataka kila mmoja awe na utepe wa mkononi watu wawatambue. "Fundi, kesho asubuhi," kasema. Nikamuuliza kesho ya mwaka gani. Hakucheka, maskini.

Nimekata bluu niliyokuwa nayo, nikapima mara mbili, nikabana pindo, na bado zimetoka kumi na moja. Duka la vitambaa limefungwa, lina maji hadi magotini. Basi ule wa kumi na mbili nimeutoa kwenye bitana nyekundu iliyobaki kwenye koti la mtu. Nimejiuliza nimpe nani. Mtu wa nje atanung'unika kwamba nimembagua. Nimempa mdogo wangu, maana mtu wako hata akinuna utamfinya mkono yaishe.

Machi 10
Hakununa. Kauinua kwenye mwanga wa dirisha, akasema, "Dada, mimi ndiyo nimekuwa tofauti na wenzangu?" Nikamwambia vaa, wewe, kitambaa kimeisha. Akavaa. Nilimfunga mwenyewe, na mkono wake ulikuwa baridi.

Machi 12
Leo nina mengi.

Alfajiri maji yalipanda juu ya tuta kule kusini. Filimbi zililia mji mzima, watu wakakimbia na majembe, na kina mama tukabeba masufuria ya chai. Nimeona mambo kwa macho yangu. Wanaume walikuwa wanagongana kama kuku waliomwagiwa maji ya moto, huyu anasema zibeni hapa, yule anasema pale. Mwenyekiti kakaa ndani ya gari, vioo juu. Likaja lori limejaa viroba vya mchanga. Dereva katoa kichwa dirishani, kaangalia lile kundi lote la tepe za bluu, kaona moja nyekundu, akaita, "Mkuu! Nishushe wapi?"

Mdogo wangu aligeuka nyuma kuona huyo mkuu ni nani. Naapa aligeuka. Halafu akanyosha mkono, ule wenye utepe, kuelekea kona ya kiwanda cha matofali. Lori likaenda. Wanaume wakalifuata lori. Na kumbe ile kona ndiyo iliyokuwa dhaifu kuliko zote, anazijua kona zote za mji huu kwa ajili ya mita zake. Ilipofika saa nne tuta lilikuwa limesimama.

Mchana kaja kula na matope hadi kwenye nyusi. Tulicheka mimi na yeye na mume wangu mpaka mbavu zikauma. "Nilinyosha mkono tu, dada," akasema. "Nilinyosha tu hivi." Akanyosha tena pale mezani, kuonyesha. Kisha akawa anauangalia mkono wake. Chakula kikapoa.

Mwenyekiti ametangaza dharura ya siku hamsini, kama sheria ya mji inavyosema. Siku ya hamsini watu wakutane uwanjani wapige kura kwa mikono, iishe au iendelee.

Machi 13
Mvua. Nimelala mchana kutwa.

Machi 17
Sasa wanamwita Mkuu. Hakuna aliyemchagua, ila kila swali linaishia kwake, na yeye ana majibu. Kusema kweli nimevimba kichwa. Muuza dawa, ambaye alikuwa akimfungulia mdogo wangu mbwa, leo kanipisha njiani. "Mpisheni dada yake Mkuu!" Nimepita nikiwa nimeinua shingo, Mungu anisamehe.

Kaniletea koti lake, anataka utepe ushonwe kabisa kwenye mkono, usifungwe tena wala kufunguliwa. Jirani yangu, Mama Mkate, ambaye tanuri lake na cherehani yangu vinatenganishwa na ukuta mmoja, alikuwa kaja kuazima sindano. Akamtania, "Bwana Mita, ukioa utalala nalo hilo?" Zamani angeona haya na kuinamisha uso. Leo kamwangalia tu, kwa utulivu, kama anavyosoma tarakimu. Mama Mkate kachukua sindano yake kaondoka bila kumaliza chai.

Machi 18
Mvua na upepo.

Machi 22
Mama Mkate hana maji ya bomba. Kaamka kakuta koki ya mita imefungwa na getini kuna msalaba wa chaki. Kumbe ni utaratibu mpya: nyumba isiyotoa mtu wa zamu tutani inachorwa msalaba, na nyumba ya msalaba inafungiwa koki siku tatu. Mtu ana mafuriko mlangoni na hana maji ya kunawa!

Nimemuuliza mdogo wangu mezani. "Mama Mkate ni mjane, ana goti bovu. Atoe nani?"

"Angetuma mikate," akasema. "Wengine wanatoa jasho, dada. Ukiwaachia wachache wavivu, kesho wote wanabaki kitandani na tuta linaondoka. Unataka liondoke?"

Sitaki liondoke. Hilo ndilo tatizo la kubishana naye, kila jambo lina tuta ndani yake. Nimempitishia Mama Mkate ndoo mbili kwa uani. Nilikuwa naangalia nyuma kama mwizi, nyumbani kwangu mwenyewe.

Machi 25
Misalaba sita mtaa wetu. Mvua.

Machi 26
Misalaba tisa.

Machi 30
Mwenyekiti "anaumwa". Mdogo wangu amehamia ofisini kwake, mpaka apone. Mume wangu kamwona Mwenyekiti stendi, na mabegi mawili, mzima wa afya, akiomba asisalimiwe kwa sauti.

Nimegundua kitu nikifua lile koti. Mfukoni chaki ni nyingi kuliko zamani, na kitabu cha mita hakimo tena. Kuna kingine, cheusi. Nilikifungua kidogo. Kila nyumba ina ukurasa wake: wangapi wanalala humo, nani anamtembelea nani, nani alicheka. Ni ule mwandiko wa duara niliomfundisha mwenyewe, nikiushika mkono wake juu ya meza hii hii. Nimekirudisha.

Aprili 3
Manyunyu tu.

Aprili 4
Jua kwa saa nzima! Nimeanika mashuka.

Aprili 6
Mume wangu kaingia akipiga mluzi. "Mke wangu, mto umeshuka mistari miwili. Wiki ijayo nitalala kama mtu." Tukiwa tunakunywa chai, kipaza sauti kikapita barabarani, sauti ya mdogo wangu: maji yanapanda, kila nyumba itoe watu wawili badala ya mmoja.

Mume wangu kaweka kikombe chini. "Amekosea," akasema. "Amesoma vibaya." Masikini, miaka ishirini na mbili ya ndoa na bado ana moyo mweupe namna ile. Akasubiri mchana.

"Shemeji, maji yako mstari wa saba. Juzi yalikuwa tisa."

"Yako tisa na nusu," akasema mdogo wangu, akimega mkate.

"Mimi nimetoka pale sasa hivi."

"Na mimi nimetoka pale sasa hivi."

"Basi twende wote tukaangalie. Hatua mia mbili tu!"

"Shemeji," akasema mdogo wangu taratibu sana, "wewe angalia pampu zako."

Nikamwaga supu makusudi ili watu wainuke mezani. Ndiyo akili pekee iliyonijia.

Aprili 8
Wamezungushia mabati ile nguzo ya kipimo, na mtu wa utepe wa bluu amesimama mlangoni. Sasa hakuna anayeona mistari.

Aprili 9
Jua.

Aprili 10
Jua. Kipaza sauti kinasema maji yako tisa na robo tatu.

Aprili 11
Mume wangu kasema mbele ya watu, kwenye foleni ya mikate. Nilikuwa nyuma yake, nikamvuta shati mpaka likachomoka suruali. Hakunyamaza. "Sihitaji nguzo," kasema. "Pampu zangu zinavuta hewa. Pampu inavuta hewa maji yakiwa chini, hata mtoto anajua." Watu wote wakawa wanaangalia mikate. Mama Mkate kampa mkate wake haraka haraka, akamwambia, "Nenda, fundi. Nenda nyumbani, nakuomba."

Nyumbani nimemlilia. Nimemwambia funga mdomo wako, wewe mwanamume, hiki si kipindi cha ukweli. Kaniambia yeye hana ugomvi na mtu, anasema tu maji yako wapi, hiyo ndiyo kazi yake.

Aprili 14
Wamemchukua saa tatu asubuhi, na kopo la grisi mkononi. Walikuwa watatu. Mmoja nilimshonea suti ya harusi, alikuwa haniangalii usoni. Nilipotoka hadi getini kulikuwa na msalaba. Msalaba wa mdogo wangu naujua: mstari wa kushuka anaukunja kidogo mwishoni, kama ndoano. Kumbe alikuja mwenyewe hadi hapa, akachora, hakupiga hodi.

Aprili 15
Nimekwenda ofisini. Nimekaa kwenye benchi kwa muda wa saa mbili na watu wengine, mimi niliyemfundisha kufunga kamba za viatu. Nilipoingia alisimama, akanipa kiti, akaagiza chai. Adabu zote alizokuwa nazo bado anazo.

"Yuko wapi?"

"Yuko salama, dada. Yuko kiwanda cha matofali na wenzake. Wanachimba mtaro. Anakula vizuri."

"Amekosa nini?"

"Anawaambia watu waache kuogopa."

"Kwani uongo? Maji si yameshuka?"

Akaenda dirishani. Nilitegemea aniambie yamepanda. Badala yake akasema, "Yameshuka. Mstari wa nne leo." Hivi hivi, kama mtu anayekutajia saa. Mtu anapokudanganya bado anakuogopa kidogo.

"Unajua miaka kumi na moja nimeingia nyua za watu wa mji huu?" akasema. "Nimeumwa na mbwa mara nne. Hakuna aliyewahi kunipa glasi ya maji, na nilikuwa nimekuja kupima maji. Siku ile ya lori ndiyo mara ya kwanza mtu kuniuliza kitu akasubiri jibu. Watu wakiacha kuogopa mto, jioni yake nitakuwa Bwana Mita. Siwezi kurudi, dada. Wewe ungeweza?"

Nikasema, "Mimi nakupakulia chakula kila siku. Sikuwa nakuuliza kitu, nikasubiri jibu?"

Kwa mara ya kwanza uso wake uliyumba. Nikadhani nimempata. Nikamwambia, "Mdogo wangu, nirudishie mume wangu."

"Baada ya mkutano," akasema. Akanifungulia mlango. Pale mlangoni akanipa robota la kitambaa cha bluu, kizito. "Nataka tepe za watu arobaini wa kulinda mkutano. Za bluu zote. Ziwe tayari Mei mosi asubuhi. Wewe ndiye fundi wetu."

Aprili 16
Nimelitazama robota la bluu siku nzima. Sikulikata.

Aprili 18
Mama Mkate anasema watu wamechoka, kura ikipigwa mikono itainuka na dharura itaisha, na ikiisha wa kiwanda cha matofali wanarudi makwao. "Shoga, wanaogopa tu kuwa wa kwanza," kasema. "Akiinua mmoja, wote juu."

Nimebaki nayo hiyo, wanaogopa kuwa wa kwanza. Na wanamwogopa nani hasa? Si yule mtoto wangu mwembamba. Yule dereva wa lori alikuwa hamjui. Aliuona utepe. Mji mzima uliinama mbele ya kipande cha bitana, na bitana hiyo niliitoa mimi kwenye kabati langu.

Aprili 19
Ninayo jora nzima ya bitana nyekundu, niliagiza kwa ajili ya makoti kabla ya mvua.

Aprili 20
Nimeamua. Nikishona arobaini za bluu, yeye anabaki mmoja juu ya arobaini. Nikishona arobaini nyekundu, nani mkuu? Kila mmoja atanyosha mkono upande wake, watagombana wao kwa wao pale pale uwanjani, watu wataangua kicheko, na watu wakicheka mkono wa kwanza utainuka. Rangi ikiwa ya wote si ya mtu. Ni hesabu ya fundi, haina makosa ninayoyaona. Nimeipima mara mbili.

Akigundua kabla nitasema bluu ilichuja nilipoilowesha. Nimeilowesha kweli na dawa ya kufulia, iwe na mabaka, nipate ushahidi.

Aprili 22
Kumi na tatu. Nimejichoma kidole mara tatu, jambo ambalo halijanitokea tangu nikiwa mwanafunzi.

Aprili 24
Hodi! Nikazitupa zote chini ya kikapu cha vipande, roho mkononi. Alikuwa Mama Mkate. Sikumwambia. Simwamini hata yeye, na aibu ya kuandika hivyo naiandika pia.

Aprili 25
Ishirini na saba. Jua kali. Kipaza sauti: tisa na robo tatu.

Aprili 28
Mdogo wangu kapita kula, mara ya kwanza tangu mume wangu achukuliwe. Zote thelathini na nne zilikuwa kwenye kikapu, hatua mbili kutoka mguuni pake. Kaniuliza, "Zinakwendaje?" Nikasema zinakwenda. Kakata mkate wake vipande vidogo vidogo, kama alivyokuwa akikata utotoni. Kasema, "Hakuna mtu anayenipikia kama wewe." Nilitamani kumpiga na nilitamani kumkumbatia. Niliosha sahani yake nikilia, bomba likiwa wazi asisikie. Koki yangu hajaifunga, pamoja na msalaba ule.

Aprili 30
Arobaini. Nimezipanga kwenye kikapu, juu nimefunika na kitambaa cha bluu.

Mei 1
Niandike yote kwa mpangilio, nisije nikajidanganya baadaye.

Saa mbili nilikuwa uwanjani. Wale arobaini walikuwa wamepangwa nyuma ya jukwaa, vijana wengi na wazee wachache, hawana kitu mkononi. Mdogo wangu alikuwa bado hajafika. Nilifunua kikapu. Wa kwanza akasema, "Nyekundu? Mama, hii si ya Mkuu?" Nikasema, "Ndiyo mliyopewa. Leteni mikono, watu wanasubiri." Niliwafunga mmoja mmoja mwenyewe. Na hapo, wakati navuta fundo, niliona kitu ambacho sikukipima. Kila niliyemfunga alijinyoosha. Muuza dawa, yule wa mbwa, alipata mabega. Kijana mmoja wa sokoni, mpole, aliyekuwa akinibebea mizigo, aliuangalia mkono wake vile vile mdogo wangu alivyouangalia wake siku ya lori. Hakuna hata mmoja aliyegombana na mwenzake. Kwa nini wagombane? Kila mmoja alikuwa amepata.

Wakatoka mbele. Uwanja ulikuwa umejaa, kelele, watoto mabegani. Zile tepe arobaini nyekundu zilipozunguka uwanja, kelele ikakatika kama uzi. Nilisubiri kicheko. Kuna mtoto alicheka, mmoja, mama yake akamziba mdomo. Mahali pengine wangeona bitana ya koti. Hapa waliona Mkuu huyu, na Mkuu yule, na Mkuu mwingine nyuma ya shingo zao, kila baada ya hatua tano.

Mdogo wangu akapanda jukwaani. Akaangalia duara lile, taratibu, mkono hadi mkono. Nikajua sasa ananitafuta. Akaniona. Nilitaka ardhi inimeze. Akatabasamu, tabasamu la miaka sita, la meno yaliyokuwa yakitoka.

"Anayetaka dharura iishe," akasema, "ainue mkono."

Mama Mkate aliinua. Goti bovu na yote, alisimama akainua mkono wenye unga hadi kwenye kiwiko. Alikuwa wa kwanza, kama alivyosema mtu anatakiwa awepo. Wawili wenye tepe wakamwendea, si kwa amri ya mtu, mdogo wangu hakusema hata neno. Walikwenda wenyewe. Na mimi niliyekuwa hatua kumi kutoka kwake, mikono yangu yote miwili ilikuwa ndani ya kikapu kitupu. Haikuinuka.

Hakuna mwingine aliyeinua.

Mei 2
Tanuri la ukuta wa pili limezimwa. Ukuta umepoa.

Mei 5
Kaja na koti mkononi. Kaomba mkasi, kakaa kwenye kiti cha wateja, akafumua ule utepe mwenyewe, ule wa kumi na mbili, mshono kwa mshono, bila kuchana kitambaa. Nilimfundisha kufumua pia.

"Sikuwa na akili ya kuwaza jambo kama lile, dada," akasema. "Nilikuwa nataka kubaki nao peke yangu. Nilikuwa nauogopa hata kuufua. Ukaja wewe ukawapa wote. Sasa sihitaji kuwa kila mahali."

Nikasema, "Nilitaka kukuangusha." Nilisema wazi, nimechoka.

"Najua," akasema. Akauweka utepe juu ya cherehani yangu, akaupapasa. "Shemeji atarudi wiki hii. Nilikuahidi." Akaaga, akafuta viatu mlangoni ingawa nje sasa ni vumbi tupu. Koti lake lina alama nyeusi pale utepe ulipokuwa, kwingine kote limepauka.

Kabla hajatoka nilimwomba amwachie na Mama Mkate. Akasema, "Huyo ni wa wale arobaini, si wangu."

Mei 8
Jua. Tisa na robo tatu.

Mei 12
Mume wangu amerudi leo mchana. Nilisikia geti nikakimbia na futi ikining'inia shingoni. Amekonda hadi masikio yanaonekana makubwa. Msalaba getini umefutwa, umebaki weupe tu. Nilimshika uso, nikamnusa, bado ana harufu ya grisi kwa mbali. Alikuwa ananiangalia kwa wema, lakini kana kwamba niko ng'ambo ya barabara.

Mkono wake wa kushoto ulikuwa na utepe mwekundu. Mshono ni wangu, lile pindo la kubana. Ni mmoja wa wale arobaini. Sikuuliza yule aliyeuvaa kwanza kafanya nini.

Nikampa kiti, nikampa chai, akanywa. Nikamuuliza, kwa sababu ndilo swali tulilokuwa tukiulizana kila siku ya ndoa yetu mvua zikianza, "Maji vipi?"

Dirisha lilikuwa wazi. Kutoka pale alipokaa unauona mto, mwembamba, mawe yote nje, watoto wanavuka kwa miguu. Aliutazama. Nilimwona akiutazama.

"Yako juu," akasema.

Halafu akanyosha mkono juu ya meza. "Huu unanivuka," akasema. "Nipunguzie."

Nilimpima. Mkono wa mume wangu siku zote ni inchi kumi na mbili na nusu, uko ukurasa wa kwanza wa daftari hili, upande wa mbele. Leo ni tisa na robo tatu. Nimerudia mara mbili. Nimeupunguza, nimeubana vizuri, nimekata uzi kwa meno, na sasa haumvuki tena.

Nje kuna mtu anapiga hodi. Ana robota la kitambaa chekundu, anasema ni la tepe mia tatu.